Sindano Iliyochelewa Njiani



Juma lililopita niliitwa kumpaka mafuta matakatifu mzee mmoja wa kigango chetu cha mbali. Simtaji jina, maana yu hai, na habari hii ni yake na jamaa yake kabla ya kuwa yetu. Hata miezi miwili haijapita tangu alipokuwa akija Misa kwa baiskeli. Sasa amelala, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, na maneno yanamtoka nusunusu. Nilipomaliza sala, mkewe alinipa simu nisome. Ulikuwa ni ujumbe uliopita mikono mingi, usio na jina la mwandishi, ukisema kwamba vidonge vya shinikizo la damu huua figo polepole, na kwamba mwenye kunywa maji ya kitunguu saumu na ndimu kila alfajiri kwa siku 21 hatavihitaji tena maishani. Mwishoni uliagiza: mtumie kila unayempenda. Binti yao aliye mjini anampenda baba yake, akamtumia. Mzee naye anampenda binti yake, akaviweka vidonge juu ya kabati.

Mimi si tabibu, wala siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichomwangusha. Tabibu aliyempokea aliniambia jambo moja tu, kwamba dawa hizo haziachwi kwa shauri la mtu ambaye hajampima mgonjwa. Kumlaumu yule binti sina uso. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, paroko wenu huyu alisambaza kwa mapadre wenzake ujumbe mrefu kuhusu mlonge unaotibu magonjwa 300. Sikuyahesabu.

Njia ya kurudi ilinipitisha karibu na Kwihara, na huko ndiko mawazo ya juma hili yalikoanzia. Sisi wa Tabora tumezoea kuionyesha Kwihara kwa wageni kama mahali pa Livingstone, kisha tunaondoka. Lakini pale tunasimama juu ya njia ambayo katika karne ya 19 ilifanya kazi ile ile inayofanywa leo na simu iliyomo mfukoni mwako: ilileta habari kutoka mbali, za kweli na za uongo katika mzigo mmoja.

Njia ile ilitoka Bagamoyo hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200, na Tabora ilikuwa kitovu chake. Hapa iligawanyika: tawi moja kwenda Ujiji, jingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, jingine kusini-magharibi kwenda Ufipa na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2006 nchi yetu iliiombea nafasi katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikivitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wapagazi wake walikuwa kwa sehemu kubwa babu zetu Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Zilipita humo pembe za ndovu, vitambaa, shanga, na watu waliofungwa minyororo, jambo ambalo hatupaswi kulitaja harakaharaka kana kwamba ni bidhaa mojawapo. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne mwaka 1857 kufika Kazeh, yaani Tabora hii. Stanley mwaka 1871 alitumia miezi mitatu hivi.

Maradhi nayo yalitembea kwa miguu hiyo hiyo. Ndui ilikuwa msafiri wa kudumu wa misafara, na aliyeugua aliachwa kando ya njia kwa kuwa msafara haukuweza kungoja. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1869, daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, alijiuliza kimetoka wapi. Hakuridhika na majibu ya vitabu vya Ulaya. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara waliokuwa wametoka bara: mliuona wapi ugonjwa huu, mwezi gani, na mlipita wapi? Kwa majibu yao aliweza kuonyesha, katika kitabu kilichotoka mwaka 1876, kwamba kipindupindu hufuata njia za biashara. Napenda sana habari hii. Daktari msomi alijifunza kutoka kwa watu waliotembea wenyewe, lakini hakuchukua kila neno lao. Aliuliza, akalinganisha, akauliza tena.

Sasa nije kwa mdudu ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike. Namsema funza, ambaye wengine humwita tekenya. Vijana wengi hudhani alikuwapo hapa tangu Adamu. Sivyo. Yeye ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga ndani yake wa kuipa uzito, na katika mchanga huo alikuwamo funza. Kutoka pale aliingia bara kwa njia ya misafara na safari za mto Kongo, akavuka Afrika nzima, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kufika katika nchi za maziwa makuu. Kabla ya karne kwisha alionekana Zanzibar. Miaka isiyofika 30, bahari hadi bahari, na mdudu huyo huruka umbali mfupi tu! Sisi ndio tuliombeba.

Funza si maradhi magumu. Jike huingia katika ngozi, mara nyingi kando ya kucha, hujaa mayai, na mtu mwenye macho mazuri na mkono mtulivu humtoa kwa sindano, au hata kwa mwiba, siku ile ile. Mahali alipozoeleka, mama aliwakagua watoto miguu kila jioni na shauri likaisha. Lakini alipofika mahali papya, watu hawakujua ni kitu gani. Walidhani ni kidonda cha kawaida, au uchawi, wakangoja. Vidonda vikaoza, vidole vikakatika, wengine wakafa. Wasafiri waliopita kusini mwa Ziwa Victoria miaka hiyo, Oscar Baumann akiwa mmoja wao mwaka 1892, wamesimulia hali za kusikitisha za watu waliolemazwa na mdudu asiyezidi punje ya mchanga. Fikirini maana yake kwa mpagazi, ambaye miguu ndiyo shamba lake.

Sindano hazikuwa kitu kigeni katika mizigo ya wafanyabiashara. Dawa, basi, ilikuwa ikipita barabarani pamoja na ugonjwa, pengine juu ya kichwa cha mtu yule yule aliyekuwa akichechemea. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini, kuushika mguu wa mwenzake na kumwonyesha: tazama, hapa, sukuma hivi. Ugonjwa haukuhitaji mwalimu, nao ukatangulia. Maarifa yalimhitaji, yakachelewa.

(Hata hiyo sindano imerekebishwa baadaye. Leo wataalamu wanatuonya tusiitumie sindano moja kwa watu wengi, wala sindano chafu, kwa sababu ya pepopunda na maambukizo ya damu, na utafiti uliofanyika Kenya na Uganda umeonyesha kwamba mafuta ya dimetikoni hummaliza funza bila kuchokonoa. Nyumba yenye sakafu iliyosilibwa vizuri, na mbuzi na nguruwe wasiolala na watoto, hufanya zaidi ya sindano na mafuta. Bibi yangu hakuyajua hayo ya dimetikoni. Alitujua miguu yetu.)

Turudi Kwihara. Livingstone alifika hapa pamoja na Stanley mwezi Februari 1872, na baada ya Stanley kuondoka mwezi Machi alikaa akingoja wapagazi hadi mwezi Agosti. Huyu alikuwa daktari wa kusomea, na sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa miaka mitano kabla, mwezi Januari 1867, na wapagazi waliotoroka nalo. Mwenyewe aliona kwamba kupotea kwake kulikuwa kama kuhukumiwa kifo. Katika sanduku la namna hiyo, kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa kwinini.

Hapa Wakatoliki tuna hadithi yetu ya kusimulia, tena si ya kujisifu tu. Ganda la mti unaotoa kwinini lilitoka milima ya Peru, na Mapadre Wajesuiti ndio walioliingiza Roma katika karne ya 17. Kardinali Juan de Lugo, naye Mjesuiti, aliligawa kwa maskini wenye homa, na mwaka 1649 ikatolewa Roma karatasi ya maelekezo: kiasi gani, wakati gani, pamoja na nini. Uingereza ya Kiprotestanti wengi walilikataa ganda hilo kwa kuwa lilikuwa limenuka Ujesuiti. Watu walitetemeka kwa homa, dawa ikiwa karibu, kwa sababu hawakumpenda aliyeileta. Kosa letu siku hizi ni kinyume chake: twaimeza dawa tusiyoijua kwa sababu tunampenda aliyetutumia. Yote mawili ni kumtazama mletaji na kuusahau mzigo.

Nacho kidonge maarufu cha Livingstone, alichokitengeneza mwenyewe kwa homa za huku, kilichanganya kwinini na dawa za kuharisha, na mojawapo, kalomeli, imetengenezwa kwa zebaki, ambayo leo twajua ni sumu. Daktari mwema, mwenye nia safi, alitia dawa na sumu katika kidonge kimoja, na siku zile wengi hawakujua kuzitenganisha. Hilo lanifanya niwe mpole kwa kila anayenitumia habari za afya. Nia njema nakubali anayo. Nauliza kitu kingine.

Nakiuliza kwa kumtazama mtu mmoja ambaye kila Mkatoliki wa magharibi mwa Tanzania angepaswa kumjua, na naona haya kwamba watoto wa Kipaimara hawamjui. Ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, nchi ya Mali ya leo, katika miaka ya 1860. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, hadi Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walipomkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikuwa ameanzisha Malta chuo cha kuwafundisha vijana Waafrika uganga, ili waende kuwa makatekista na waganga pamoja. Atiman alisoma huko, akaondoka mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Akakaa.

Neno hilo “akakaa” ndilo nalitafuta. Alioa huko, akapata mtoto aliyekuwa padre, akatibu, akapasua, akafundisha dini, akazeeka, akafa huko huko Karema mwaka 1956. Ni miaka 67 hivi katika kituo kimoja. Mganga aliyekaa miaka 67 hawezi kudanganya kwa muda mrefu. Dawa aliyotoa Jumatatu, matokeo yake aliyaona Kanisani Jumapili, au kaburini. Aliyekosewa alijua mlango wa kubisha. Misafara, kinyume chake, ilijaa watu wenye dawa za ajabu, na kesho yake walikuwa Ujiji au Ugogo. Aliyepona aliwasifu, na aliyekufa hakuwa na wa kumdai.

Hivyo basi, ujumbe ukiingia katika simu yangu siku hizi nauliza: huyu anayesema amekaa? Ana jina, ana mahali, kuna siku nitakayoweza kurudi kwake na kumwambia haikufaa? Ujumbe wa kitunguu saumu haukuwa na mlango wa kubisha. Wala jambo hili halikuanza na simu za kisasa. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, wakapanga foleni ya magari ya kilomita nyingi ili wanywe kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Baadhi walikufa katika foleni, na wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamepona. Yule mzee mwenyewe, kwa haki, hakukimbia. Alikaa Samunge hadi alipofariki mwaka 2021. Waliokimbia ni wale waliozisambaza shuhuda za kupona na wasirudi kusema yaliyofuata.

Mtaniuliza: Padre, tuzitupe simu? Hapana. Nimekwisha kusema kwamba sindano ilikuwamo katika msafara. Imo hata sasa. Kitabu *Mahali Pasipo na Daktari*, ambacho David Werner alikiandika kwanza kwa Kihispania katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Meksiko, kimetafsiriwa kwa Kiswahili na waweza kukisoma bure mtandaoni. Waandishi wake wana jina na anwani, na wamekuwa wakikirekebisha kila walipoona wamekosea. Kinaeleza mambo ya kuharisha, vidonda, ujauzito na homa kwa picha ambazo hata asiyejua kusoma hufuata, na zaidi ya yote kinakuambia lini uache kitabu uende hospitali. Ni jambo la busara kuwa nacho katika simu kama wazee wetu walivyokuwa na vitabu vya sala vilivyochapwa Kipalapala.

Nilimtaja mlonge, na kwa kuwa nilimkosea heshima nataka kumrudishia. Baada ya aibu yangu ya mwaka 2020 nilitafuta yaliyo ya kweli. Magonjwa 300 hayapo. Majani yake ni mboga yenye lishe nzuri. Mbegu zake zilizotwangwa, zikikorogwa katika maji ya tope, hukusanya uchafu ukashuka chini, maji yakawa maangavu; lakini maangavu si salama bado, maana vijidudu vyote havifi. Yakiisha kutulia, yachuje, uyatie katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, uilaze juani kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Jua la Tabora halina deni na mtu. Njia hii imechunguzwa katika nchi nyingi na Shirika la Afya Duniani linaitambua. Hapo mama hajachoma kuni hata moja, mtoto haharishi, na mtundu mmoja msituni umesalia umesimama.

Ndiyo maana siwezi kuitenga afya ya mwili na habari za msitu. Miombo yetu inaliwa na tanuri za mkaa na mabani ya tumbaku, na moshi wa mafiga matatu unaokaa ndani ya jiko huharibu mapafu ya wale wale wanaokwenda mbali kila mwaka kutafuta kuni. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Lakini najua vigango ambako mtungi wa gesi ukiisha haujazwi tena, hugeuka kuwa kigoda. Huko jiko banifu la udongo, ambalo namna ya kulifinyanga huonyeshwa hatua kwa hatua katika video fupi za mtandaoni, latosha kuanzia. Wafugaji wa nyuki nao wanaweza kujifunza humo mizinga ya mbao badala ya kuvua mti gome lake lote. Na tusisahau kwamba nta ya Unyamwezi iliuzwa nje ya nchi tangu enzi za Wajerumani.

Ila nawasihi mambo haya myafanye mkiwa pamoja. Video ya jiko niliitazama mara nne, na jiko langu la kwanza lilipasuka. La pili nilifinyanga nikiwa na mama mmoja wa jumuiya ya hapa, ambaye hana simu ya kisasa. Alitazama mara moja, akasema udongo wangu hauna mchanga wa kutosha. Jiko hilo lipo, njoni mlione jikoni kwa parokia.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, muuguzi wa zahanati atakaa chini ya mwembe na kipimo cha shinikizo la damu, kuanzia saa 4 asubuhi. Njoni na vidonge vyenu, hata vile mlivyoviweka juu ya kabati, na njoni na simu zenu. Mwenye ujumbe asioujua ukweli wake asiufute, wala asiutume. Tutausoma pamoja naye. Chupa za kuyaweka maji juani zitakuwapo. Mke wa yule mzee ameniambia atakuja, na binti yake atasafiri kutoka mjini Jumamosi ili afike naye.